Ukifika Banda Aceh, anzia makaburini

Safari yangu ya Banda Aceh, mji mkuu wa jimbo la Aceh nchini Indonesia, niliipanga vibaya, na kosa hilo ndilo lililonifanya niandike. Nilitua asubuhi, nikakodi becak, ile pikipiki yenye kigari cha abiria ubavuni, nikamwambia dereva anipeleke moja kwa moja kwenye meli iliyobwagwa mjini na tsunami ya mwaka 2004. Nikapanda mpaka juu, nikapiga picha nyingi. Kutoka hapo nikaenda makumbusho, ambako sikumaliza hata saa nzima, kisha kwenye mashua iliyokwama juu ya nyumba. Kaburi la pamoja la Ulee Lheue nikaliacha mwisho kwa sababu liko njia ya kwenda baharini, na nilitaka kuwahi jua likizama.

Nikaingia getini simu ingali mkononi. Mama mmoja alikuwa ameketi kwenye majani, kitabu kidogo mapajani, midomo ikitikisika. Nilikwisha kumlenga na kamera ndipo nikang'amua kwamba anasoma Yasin. Mwenzangu yuko msibani, nami nimemwingilia kama niliyekuja kutazama ngoma. Nikaitia simu mfukoni na sikuitoa tena mpaka nilipoondoka.

Alipofika mwisho wa sura aliinua uso. Nikamtolea salamu, akaitikia, akasogea kidogo kunipisha nami niketi. Kisha akanipa kile kitabu. Kurasa zilikuwa zimevimba kwa unyevu na pembe zimelegea. Jaladani kulikuwa na picha ya mwanamume na watoto wawili, majina matatu, na chini yake tarehe moja kwa wote: 26 Desemba 2004. Kule ni desturi kuchapisha Yasin kwa ajili ya marehemu, na picha yake mbele. Nikasoma kwa sauti ya chini, naye akinifuata kwa moyo bila kitabu. Tulipomaliza, akakipokea, akainuka, akakung'uta nguo, akavuka hadi upande wa pili wa uwanja. Akaketi huko, akaanza tena tangu mwanzo.

Sikuelewa kwa nini amehama mpaka nilipotazama vibao. Ulee Lheue hakuna safu za makaburi yenye majina. Ni uwanja wa majani walimolazwa watu wapatao 14,000, waliozikwa kwa haraka kwa kuwa maiti zilikuwa nyingi mno na joto halikungoja. Upande mmoja una kibao cha dewasa, yaani watu wazima, na mwingine una kibao cha anak-anak, watoto. Aliyefiwa hana zaidi ya hapo. Basi yule mama alikuwa amemsomea mumewe, sasa anawasomea wanawe, na kama kweli wamo humo hakuna mtu awezaye kumwambia. Kaburi halina jina lao. Jina liko kwenye jalada la kitabu, na analibeba mwenyewe kila anapokuja.

Ndiyo maana nasema uanzie hapo. Usiku ule sikulala vizuri, na kesho yake nikavirudia vyote upya, makaburi kwanza, kisha vingine taratibu. Ilikuwa kama nimefika mji mwingine. Ukishakaa kwenye majani yale, hata meli hutaiona kwa jicho lile lile. Na kama una siku ya ziada, nenda na Siron, njia ya uwanja wa ndege, ambako wamezikwa zaidi ya watu 46,000. Huna haja ya kujua la kusema. Kama wewe ni Mwislamu, soma Fatiha. Kama si Mwislamu, simama kimya, vua kofia, usitembee katikati ya majani kana kwamba ni bustani. Hakuna aliyenitazama vibaya, wala msafiri mmoja Mkristo niliyekutana naye huko hakutazamwa vibaya.

Mavazi yasikusumbue sana ila yazingatie. Aceh inafuata sharia, kwa hiyo wanaume waache kaptura hotelini, na wanawake wavae nguo ndefu zisizobana na wawe na mtandio, hasa wakitaka kuingia msikiti mkuu wa Baiturrahman, ule wenye makuba meusi uliosimama imara maji yalipoleta mji mzima ukiwa vifusi mpaka mlangoni pake. Ijumaa mchana usipange kitu. Mji unakwenda kuswali.

Soma kidogo kabla hujaenda, ili usiwaulize watu mambo yanayopatikana vitabuni. Ilikuwa Jumapili, saa mbili kasoro dakika mbili asubuhi kwa saa za kule. Zilzala ya ukubwa wa 9.1 ilipasua sakafu ya bahari kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, na sakafu ilipoinuka ikayainua maji yote yaliyokuwa juu yake. Nusu saa haikutimia kabla bahari haijaingia Banda Aceh. Katika nchi zote zilizozunguka Bahari ya Hindi walikufa watu wapatao 227,000, na Indonesia peke yake ilipoteza zaidi ya 160,000, wengi wao wa jimbo hili. Wimbi halikuishia huko. Mchana wa siku ile ile lilifika kwetu. Somalia ilizika watu wanaokaribia 300, Tanzania ikapoteza watu wasiopungua 10, na Kenya mmoja. Umbali ndio uliotupunguzia madhara. Bahari ni moja, na nilipokuwa Ulee Lheue nimeelekea magharibi, maji yale yale ndiyo yanayopiga kuta za Lamu na Kilwa.

Hata lugha itakushtua. Kaburi wanaita kubur, dua ni doa, habari ni kabar, wakati ni waktu, dunia ni dunia. Bendera ni bendera, na meza ni meja, zote mbili tulizipata kwa Wareno kila mtu kwa njia yake. Mzee mwanamume mwite Pak, mama mwite Bu. Ukiweka neno hilo mbele ya sentensi yoyote iliyovunjika, watakusikiliza mpaka mwisho.

Makumbusho ya Tsunami yalichorwa na Ridwan Kamil, msanifu wa Indonesia, na yanaanza na kichochoro chembamba chenye giza kati ya kuta mbili ndefu sana. Maji yanatiririka ukutani na mengine yanakurukia. Siku ya kwanza nilipita haraka nikiona ni ubunifu tu. Siku ya pili tone moja lilinidondokea shingoni, nikasimama. Nyuma yangu mtoto wa miaka kama sita akamkamata baba yake mguu kwa mikono miwili, akakataa kwenda mbele. Baba hakumburuta. Alichuchumaa naye pale pale gizani, wengine tukawapita kwa ubavu. Kama umefiwa karibuni, au una mtoto mwenye hofu, fanya kama baba yule, au rudi nje. Hakuna aibu. Mahali pale pamejengwa ili paumize kidogo.

Mbele zaidi utaingia chumba cha duara kama kisima, wenyewe wanakiita kisima cha dua. Majina ya waliokufa yamepanda ukutani mpaka macho hayafiki, na juu kabisa, mwanga unapoingilia, limeandikwa jina la Mwenyezi Mungu. Usizungumze mle. Sauti inazunguka ukutani na kumrudia kila aliyemo. Baada ya hapo njia inapanda hadi kwenye daraja lililoning'iniziwa bendera za nchi zilizosaidia, na neno la amani kwa lugha ya kila nchi. Angalia pia jengo lenyewe: limeinuliwa juu ya nguzo, na paa lake limekusudiwa liwe kimbilio maji yakirudi. Nalipenda jengo lile kwa hilo kuliko yote yaliyomo ndani. Linawakumbuka waliokufa na wakati huo huo limewawekea nafasi walio hai.

Meli niliyoikimbilia siku ya kwanza inaitwa PLTD Apung. Ni tani 2,600, ilikuwa ikizalisha umeme baharini, na maji yaliibeba zaidi ya kilomita mbili mpaka katikati ya mtaa. Nilipoirudia sikupanda tena. Nililizunguka tumbo lake kwa miguu nikifikiri palipotua palikuwa makazi ya watu. Kisha nikaenda Lampulo kwenye ile mashua ya wavuvi iliyokalia nyumba. Hiyo kisa chake ni kingine: watu waliokuwa wamepanda juu ya nyumba maji yakiwafuata waliiona inawajia, wakaingia ndani yake, na 59 wakapona. Ukiwa na muda wa mahali pamoja tu kati ya hapo pawili, nenda Lampulo.

Sasa kuhusu maswali. Nilimuuliza dereva wa becak, tena tukiwa mwendoni, kama na yeye alipoteza ndugu. Alitoa mkono mmoja kwenye usukani, akafungua vidole vyote vitano, akavifunga, akafungua tena vitatu. Baada ya hapo hakusema neno mpaka tulipofika, nami sikupata la kumwambia. Ningeomba kila mgeni aniachie mimi kosa hilo, asilirudie. Watu wa Aceh wanazungumza, tena sana, lakini kwa wakati wao. Kaa kwenye mgahawa wa kahawa, maana kahawa ndiyo baraza yao. Uliza mtu ametokea kijiji gani, alirudi lini kujenga, siku hizi samaki wanapatikana. Akitaka kukupeleka mpaka siku ile, atakupeleka mwenyewe.

Vita navyo usivichokonoe. Kabla ya tsunami jimbo lilikuwa limepigana na serikali kwa karibu miaka 30, na mkataba wa amani ulitiwa saini Helsinki tarehe 15 Agosti 2005, miezi minane tu baada ya wimbi. Kuna nyumba zilizozika watu kwa vita na kwa maji, na mgeni hawezi kujua kidonda kipi anakigusa.

Na kuna kauli moja naiomba isitoke kinywani mwako kabisa. Mgeni mmoja, Mwislamu mwenzangu, alisimama kando ya kaburi la Siron akasema kwa sauti kwamba hii ilikuwa adhabu. Alisema kwa lugha ambayo wenyeji wanaijua vizuri. Nilitamani ardhi ipasuke. Sisi sote tumefundishwa kwamba aliyekufa kwa kuzama ni shahidi, na wenyeji wenyewe wanawaita hivyo wafu wao. Upande wa anak-anak una watoto wangapi? Nani wa kusimama juu yao na kutoa hukumu?

Ukiweza kuchagua tarehe, wengi huenda Desemba 26. Siku hiyo watu hujaa makaburini kwa dua, na wavuvi hawaendi baharini. Ni amri ya mila, inayosimamiwa na viongozi wao wa uvuvi wanaoitwa Panglima Laot. Ni siku nzito, nawe utakuwa mgeni kati ya wenye msiba, kwa hiyo kaa nyuma, usibebe kamera. Binafsi naona heri siku ya kawaida, ambapo uwanja una watu watatu au wanne tu.

Usiondoke bila kuuliza habari za Simeulue. Ni kisiwa kilicho karibu kabisa na kitovu cha zilzala ile, na kilikuwa na watu wapatao 78,000. Waliokufa ni saba. Mwaka 1907 kisiwa kilipigwa na tsunami, na waliopona wakaacha neno moja, smong, lililopita kwa mabibi na wajukuu kwa nyimbo na hadithi za usiku: ardhi ikitetemeka kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma, usingoje, kimbilia mlimani. Asubuhi ile mtu mmoja alipaza neno hilo, wengine wakalidaka, kisiwa kizima kikapanda. Banda Aceh hawakuwa na neno hilo. Bahari ilipojivuta, samaki wakabaki wanarukaruka mchangani, na kuna waliokwenda kuwaokota.

Nimelileta neno hilo nyumbani. Wiki iliyopita nilikuwa ufukweni na mpwa wangu wa miaka tisa, maji yamekupwa, bamvua, mwamba wote uko nje na akina mama wanaokota chaza. Akanivuta mkono.

"Anko, hii ndiyo smong?"

Nikamwambia hapana. Maji ya kupwa huondoka polepole kwa saa sita, na kila mvuvi anaijua saa yake. Smong hukimbia; unaiona bahari inakunywa maji yake mbele ya macho yako, saa isiyokuwa yake. Na sisi huku tuko mbali, huenda tusihisi ardhi ikitikisika hata kidogo, kama ambavyo hatukuhisi mwaka ule. Siku hizi Bahari ya Hindi ina mfumo wa kutoa onyo, ambao mwaka 2004 haukuwepo, kwa hiyo likitangazwa onyo tunatoka hata kama bahari inaonekana imelala.

Akasikiliza, akazitazama ngalawa zilizolalia ubavu, akageuka kutazama nyuma yetu, kwenye minazi na nyumba.

"Sasa sisi tutakimbilia wapi?"

Nikageuka na mimi. Miaka yote nimeogelea pale, na sikuwahi kutafuta mwinuko.