Uimbe kwanza: kwa mdogo wangu anayeanza "All the Things You Are"

Mdogo wangu, ukianza kukaa na wapiga jazi, haitachukua muda mtu atautaja wimbo huu na kukuuliza kama unaujua. Usikimbilie kusema ndiyo. Mimi nilisema ndiyo kwa sababu kodi zake zote, yaani makundi ya sauti zinazopigwa kwa pamoja, nilizikariri kutoka kwenye karatasi, nikapotea kabla hatujamaliza mzunguko wa kwanza.

Nimekulia kwenye gitaa la dansi. Katika sebene kodi chache huzunguka mahali pamoja, na ukiteleza, mzunguko unaofuata unakudaka. Wimbo huu haudaki mtu. Unaanzia kodi ya F maina, unapita A-flati, unatua C. Unashika tena safari kupitia E-flati, unatua G. Sehemu ya kati inakupeleka hadi E, ndipo unarudi nyumbani A-flati. Funguo tano, yaani nyumba tano za sauti, katika wimbo wa dakika chache. Halafu kuna hesabu. Nyimbo nyingi za majukwaa ya New York za wakati ule zina vipimo (vikundi vya midundo) 32, yaani nane mara nne. Huu una 36, kwa sababu sehemu ya mwisho ni ya vipimo 12. Mimi nilihesabu nane, nikaanza solo upya wakati mpiga besi bado anaumalizia wimbo. Hakuna aliyenigombeza, ila niliumia.

Kilichonisaidia hakikuwa mazoezi ya vidole. Nilitafuta maneno nikaanza kuuimba.

Maana huu ni wimbo wa watu kuimba. Jerome Kern alitunga muziki, Oscar Hammerstein II akaandika maneno, kwa ajili ya onyesho la "Very Warm for May" lililofunguliwa Broadway, kwenye majukwaa hayo ya New York, mwezi Novemba 1939. Onyesho lenyewe halikudumu, lilichezwa mara 59 tu likafungwa. Maneno ni ya mtu anayemfananisha mpenzi wake na vitu vizuri anavyovijua, na anayetamani siku moja awe wake. Ukiyaimba, huwezi kukata vipimo vinne vya mwisho, kwa sababu utakuwa umemkatiza huyo mtu kabla hajasema anachokitaka. Tangu nilipolielewa hilo sijawahi kupotea tena pale.

Kama umepitia kwaya, una mtaji mkubwa kuliko unavyodhani. Chukua solfa. Imba mpaka pale wimbo unapotua C, halafu jiulize uko kwenye sauti gani. Uko kwenye mi, sauti ya tatu ya ufunguo. Endelea mpaka unapotua G: mi tena. Sehemu ya kati inatua G, kisha E, na mara zote mbili mwimbaji anaachwa kwenye mi. Anafika kwenye kila nyumba, lakini hakai chini. Do ya kukalia, sauti ya kwanza ya ufunguo, anaipata mwisho kabisa, kwenye neno la mwisho, pale A-flati. Sikuambiwa haya na mtu. Niliyaona siku niliyoweka gitaa chini na kuimba peke yangu, na mpaka leo nikifika kwenye ile do mwili unanisisimka.

Kuna sauti moja nataka uisikilize kwa subira. Mwisho wa sehemu ya kati mwimbaji anashikilia G-shapu, mi ya ufunguo wa E. Kodi zinabadilika chini yake, yeye hajasogea, na ghafla sauti ileile inaitwa A-flati, nayo ndiyo sauti iliyoufungua wimbo. Kwenye piano ni kibao kimoja cheusi. Jirekodi ukipiga kodi hizo polepole, kisha imba juu yake sauti hiyo moja tu. Fanya hivyo kwa wiki nzima kama una muda. Anayetafuta mizani (ngazi za noti) ya kupigia solo hapo bila kuisikia sauti hiyo atapiga noti sahihi zisizosema kitu.

Kuhusu kodi nitasema kidogo, kwa sababu walimu wengi watakueleza: misingi ya kodi za mwanzo, yaani sauti zake za chini, inapanda hatua ya nne kila mara, F, B-flati, E-flati, A-flati, D-flati, na melodi mara nyingi inakaa kwenye sauti ya tatu ya kodi. Ndiyo maana ukiipiga melodi peke yake, bila mtu wa kukusindikiza, kodi zinasikika zenyewe. Naamini hilo ndilo lililowavuta wapiga jazi.

Katika kusikiliza, anza na Ella Fitzgerald kwenye albamu yake ya 1963 ya nyimbo za Kern, maana kila neno linasikika. Kisha nenda kwa rekodi ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie na mpiga saksafoni Charlie Parker, 1945. Mwisho "Bird of Paradise" ya Parker, 1947, iliyojengwa juu ya kodi hizihizi. Ukiisikiliza, imba melodi ya Kern kimoyomoyo huku yeye akipiga ya kwake, uone kama mtafika mwisho pamoja.

Na utangulizi ule mzito unaopigwa karibu kila mahali haumo katika alichoandika Kern. Ulienea kutokana na ile rekodi ya 1945. Ujifunze, kwa sababu wenzako wataupiga bila kukuonya. Ila uliza mapema kama mtaurudia utangulizi huo mwishoni mwa wimbo.