Kwa nini dengue ya mara ya pili inaweza kuwa kali zaidi

Umeuliza inakuwaje mtu aliyewahi kuugua dengue akapona, akiipata tena azidiwe kuliko mwanzo, ilhali mwili ulishajenga kinga. Ni kwa sababu virusi vyake viko vya aina 4, na kinga ya kudumu unayobaki nayo ni ya aina ile iliyokupata tu.

Mbu jike wa Aedes, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, akikudunga huacha mate yenye virusi ndani ya ngozi. Virusi huingia kwenye seli za kinga, yaani walinzi wenyewe, huzaliana humo kisha husambaa kwenye damu. Homa huanza siku 4 hadi 10 baadaye.

Sasa ikija aina nyingine, kingamwili za zamani, yaani protini za kinga zilizobaki tangu ugonjwa wa kwanza, huvinasa virusi lakini haziviui. Seli za kinga humeza mzigo wote huo, na virusi vinakuwa vimepata mlango wa bure. Vikizaliana kwa wingi, mishipa midogo huanza kuvujisha maji ya damu. Si kila anayeugua tena hufika huko, ila hatari hupanda.

Wengi hudanganyika hapa: uvujaji huo huja homa inaposhuka, mgonjwa akidhani amepona. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo au fizi zikitoa damu, hospitali mara moja. Na asipewe aspirini wala ibuprofeni, zinazidisha kutoka damu.