Ukingoja kikao cha baraza la madiwani, bajeti imeshapita

Kila mwaka ikikaribia Februari, picha zinaanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa: meya kavaa joho na mkufu, madiwani wamenyoosha mikono, na chini yake maandishi kwamba baraza limepitisha rasimu ya mpango na bajeti. Hapo ndipo watu wanapoamka. Barabara yetu je? Kile kiwanja cha watoto? Mbona soko la kata ya jirani limo na letu halimo?

Nimekuwa mjumbe wa serikali ya mtaa katika manispaa moja ya hapa Tanzania, na viti vya nyuma vya ukumbi wa baraza navijua vizuri, vile wanavyokaa wananchi na waandishi wa habari bila ruhusa ya kusema. Ushauri wangu kwa yeyote anayetaka kitu kutoka halmashauri ni huu: siku mikono inaponyooshwa, habari imeshakwisha. Kazi ilifanyika miezi kadhaa nyuma, kwenye vikao ambavyo hukwenda.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kabla ya hapo Bunge linakuwa limepitisha bajeti, kabla ya Bunge makisio ya halmashauri yamepita mkoani na TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa, na kabla ya mkoa yamepita barazani. Baraza nalo linaletewa kitabu kilichokwisha kuchambuliwa na kamati za kudumu, hasa ya fedha. Kamati inaletewa na wataalamu wa mkurugenzi wa halmashauri. Wataalamu wanachukua vipaumbele vya kata, ambavyo Kamati ya Maendeleo ya Kata ilivipata kwenye mitaa. Kwetu orodha ya mtaa ilitakiwa iwe mezani kwa mtendaji wa kata kabla ya Krismasi. Diwani akisimama Februari kudai mradi usiomo kitabuni, ataulizwa swali moja tu: "Mheshimiwa, tukate wapi?" Ukomo wa bajeti umeshawekwa, na hakuna diwani atakayekubali kata yake ikatwe ili yako ipate.

Halafu piga hesabu ya hizo fedha zenyewe, maana watu wengi wanadhani mkurugenzi kakalia kisima. Chukua mfano wa halmashauri inayokusanya shilingi bilioni 4 za mapato ya ndani, yenye kata 20. Tuseme inatenga asilimia 40 kwa ajili ya miradi ya maendeleo. Hiyo ni bilioni 1.6. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile tunayoiita nne-nne-mbili (nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu), na hilo ni suala la sheria tangu 2018. Zikitoka humo milioni 400 zinabaki bilioni 1.2. Gawanya kwa kata 20: milioni 60 kila moja, kwa mwaka mzima, na hapo tunachukulia makusanyo yametimia. Madarasa yale ya fedha za UVIKO mwaka 2021 yalitengewa milioni 20 kila moja. Kwa hiyo kata yako ina madarasa matatu, au kitu kimoja cha maana na vingine viwili vya kuganga. Ruzuku ya serikali kuu ipo, lakini hiyo inakuja na jina lake: ya zahanati ni ya zahanati.

Barabara ni habari nyingine. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini zimekuwa chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo. Diwani anaweza kulalamika barazani, na meneja wa TARURA wa wilaya atasimama kujibu, ila fedha hazimo kwenye mfuko wa halmashauri. Kalavati ikiziba au mtaro wa barabara ukibomoka, andika barua kwa meneja huyo na nakala kwa mtendaji wa kata. Nimeona mitaa ikimsema diwani wake miaka mitano kwa jambo ambalo halimo mikononi mwake, huku lile lililomo, kama soko, machinjio au uzoaji wa taka, hakuna aliyemuuliza.

Sasa tuje kwenye kiwanja, kwa sababu viwanja vya michezo na bustani ndivyo vinavyoliwa kwanza fedha zikipungua.

Mtaani kwetu vijana walitaka kiwanja cha mpira kisawazishwe. Kilikuwa kimeinama, masika yakianza maji yanatuama kwenye goli moja, na upande wa barabarani wenye malori wamepafanya maegesho. Mkutanoni kijana mmoja akasimama: "Mwenyekiti, tunaomba serikali itukumbuke kiwanja chetu." Mtendaji akainamia daftari, akaandika. Mama mmoja aliyekaa mbele akachungulia, akasema, "Mwanangu, hapo umeandika 'kiwanja' tu. Kifanywe nini? Na sisi wa netiboli tuko wapi humo?" Watu wakacheka, lakini mkutano mzima uligeuka kuanzia pale.

Wiki iliyofuata tulikwenda na futi kamba. Tukapima urefu na upana, tukaweka eneo la netiboli pembeni, tukamuuliza dereva wa greda bei ya siku, tukauliza tripu ya moramu. Tukaandika kazi moja moja: kusawazisha, mtaro wa kutoa maji, magoli ya bomba, nguzo za kuzuia malori. Mbele ya kila kazi tukaweka gharama, na mbele ya magoli na nguzo tukaandika "nguvu za wananchi". Tukaambatanisha muhtasari wa mkutano na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Ombi likawa karatasi mbili. Kwenye kikao cha kata lilikaa kando ya maombi ya mstari mmoja mmoja, "ukarabati wa ofisi", "kuboresha soko", na mtu wa mipango wa halmashauri akapenda lile ambalo angeweza kulinakili moja kwa moja. Mtu huyo anashughulikia kata zote. Ukimpunguzia kazi anakukumbuka. Hatukupata yote. Tulipata greda na mtaro, magoli tukachangishana.

Lakini kabla ya futi kamba tulikwenda kwanza ofisi ya mipango miji kuangalia mchoro. Usiruke hatua hii. Kiwanja mlichocheza tangu utotoni huenda kwenye mchoro ni eneo la wazi, huenda ni la shule, huenda ni la mtu ambaye hajajenga tu. Halmashauri haiwezi kuweka fedha mahali pasipo pake, na mkaguzi atauliza. Ndiyo maana kelele za kutaka manispaa ikarabati uwanja mkubwa wa mji mara nyingi haziendi popote: viwanja kama Sokoine wa Mbeya, Mkwakwani wa Tanga na Kirumba wa Mwanza ni mali ya CCM. Mkigundua kwamba eneo lenu ni la wazi, ombeni lipimwe na liwekewe mipaka hata kabla ya kuomba magoli. Jiwe la mpaka halina mvuto kwenye picha, ila bila hilo malori yanarudi, na baada ya malori anakuja mtu na tofali.

Mradi ukishaingia kitabuni, bado. Kutengewa fedha maana yake ni makisio. Makusanyo yakisuasua, miradi ya mapato ya ndani inasubiri hadi robo ya nne, na fedha za mingine zinahamishiwa vifungu vingine. Baraza la kawaida linakaa kila robo mwaka na diwani anawasilisha taarifa ya kata yake. Kabla hajaenda, usimuulize "kiwanja chetu vipi", maana atakujibu "kinashughulikiwa". Muulize ni kiasi gani kimetolewa hadi robo hii, na kama fungu limehamishwa, kikao gani kiliidhinisha. Akikosa jibu, mwombe aliulize barazani. Jibu litaingia kwenye muhtasari, na muhtasari huo unathibitishwa kikao kinachofuata, kwa hiyo hata mkurugenzi akihamishwa katikati ya mwaka, mnao ukurasa wa kumwonyesha atakayekuja.