Maswali ya Wasomaji: Jeti za Pwani Kwenye Pikipiki ya Nairobi

*Nina Yamaha XT500 ya 1978. Nimetoa kabureta ya zamani nikafunga Mikuni VM34 iliyoagizwa kutoka Uingereza, nikaondoa sanduku la chujio nikaweka chujio cha koni, na ekzosi ni ya wazi. Kabureta ilikuja na jeti (vitundu vya kupimia mafuta), kuu 260 na ndogo 30, na klipu ya sindano kwenye mfereji wa tatu. Asubuhi inawaka bila choki (mafuta ya ziada ya kuwashia), lakini nikikwama kwenye foleni ya Jogoo Road plagi inakuwa nyeusi tii. Nikivuta mafuta nusu inakohoa, nikimaliza mkono wote inakuwa nzito kama imebeba magunia mawili. Fundi anataka kuweka 280 kwa sababu chujio na ekzosi vimefunguliwa. Nikubali?*
— Mwenye XT, Buruburu

Usikubali. Fundi wako amepiga nusu ya hesabu. Ni kweli chujio cha koni na ekzosi ya wazi hudai mafuta zaidi, na bila shaka ndiyo maana ukapewa 260. Nusu iliyobaki ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 16. Kabureta huvuta mafuta pungufu pia, lakini si kwa kiasi hicho, kwa hiyo mchanganyiko uliokuwa sawa baharini huku unazidi mafuta kwa takriban asilimia 9. Toa asilimia 8 au 9 kwenye 260 na unapata kama 238. Nunua 240, na 230 na 250 za kujaribia.

Angalia jambo moja dukani. Namba ya jeti kuu ya Mikuni yenye kichwa cha pembe sita hupima kiasi cha mafuta kinachopita, ila ya Keihin, mtengenezaji mwingine wa kabureta, hupima upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Kwa Keihin punguzo la mwinuko ni kama nusu ya hizo asilimia 8 au 9: 120 hushuka hadi 115. Ukiambiwa "namba ni ileile, chukua tu hii," iache kaunta.

Kuwaka bila choki asubuhi ya baridi ya Julai kusikufurahishe. Injini baridi inapaswa kuomba choki; isipoomba, jeti ndogo inamwaga mafuta kupita kiasi, na hiyo ndiyo plagi yako nyeusi ya foleni.

Kabla hujafungua bakuli, hakikisha kosa ni la kabureta kweli. Pikipiki ya umri huu ina platini (swichi inayokata umeme ili plagi itoe cheche), na platini zilizochakaa hukohoa vilevile kama mafuta mengi. Rekebisha valvu injini ikiwa baridi, weka taiming (wakati wa cheche), kisha kagua mpira unaounganisha kabureta na kichwa cha injini: ukunje kwa vidole utafute nyufa. Hayo yakiwa sawa, toa bakuli la mafuta na ugeuze kabureta juu chini. Mikono ya boya, linalopima kiwango cha mafuta, ilale sambamba na ukingo ambapo bakuli hukaa. Boya likiwa juu mno, utabadilisha jeti mpaka mwisho wa mwezi bila faida.

Sasa bandika utepe kwenye mkono wa mafuta na mwingine kwenye nyumba yake, utie alama za robo, nusu, robo tatu na mwisho. Tunasisitiza hili kwa sababu watu wengi hupanga kabureta kwa kusikiliza mbio za injini, wakati kila sehemu yake hutawala kipande cha mkono, si kasi. Jeti ndogo na skrubu ya hewa hushika hadi robo, sindano robo hadi robo tatu, na jeti kuu kutoka hapo.

Anza juu. Injini ikiwa moto, weka 240, tafuta mlima mtupu Jumapili asubuhi, gia ya tatu, vuta mkono wote. Ukiwa hapo, legeza kidogo sana. Ikiruka mbele kana kwamba imepata nguvu, hewa imezidi, panda 10. Ikipungua kidogo tu, au isibadilike, uko sawa au mafuta bado ni mengi. Shuka 10 ujaribu tena, na mara itakaporuka rudi juu namba moja. Usikae mkono wote muda mrefu ikiwa hewa imezidi, kwani silinda moja ya sentimita za ujazo 499 inayopozwa na upepo hutoboa pistoni bila kukupa onyo.

Kisha chini. Kaza skrubu ya hewa taratibu hadi iguse, ilegeze mzunguko mmoja na nusu. Injini ikinguruma yenyewe, igeuze robo robo utafute mahali inapopanda zaidi. Kwenye VM skrubu iko upande wa chujio, hivyo kukaza huongeza mafuta. Ukilazimika kulegeza zaidi ya mizunguko miwili, jeti ndogo ni kubwa mno. Kwa dalili zako tunatarajia uishie 25. Ikitaka chini ya nusu mzunguko, ni ndogo mno.

Sindano mwisho. Hesabu mifereji kutoka juu. Kupandisha klipu hushusha sindano na kupunguza mafuta. Peleka klipu kwenye wa pili ujaribu mkono nusu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na ukiandike.

*Fundi alizibua jeti ndogo ya Honda CG125 yangu, namba 38, kwa uzi wa waya wa breki. Tangu hapo inanuka mafuta.*
— Kayole

Waya wa breki ni chuma, jeti ni shaba, na tundu lako lilikuwa milimita 0.38. Likikwanguliwa hadi 0.40, ambayo jicho haliioni, nafasi ya kupita mafuta imeongezeka kwa asilimia 11 hivi. Hakuna dawa, nunua nyingine. Kirinyaga Road omba mbili za namba moja, uzishike pamoja kwenye mwanga wa jua ulinganishe matundu, maana kuna zinazopigwa chapa tu. Siku nyingine iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, uipulize kwa kompresa, na ikikataa tumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki.

*Nikishuka Mombasa na jeti nilizopanga Nairobi, kuna hatari?*
— Lang'ata

Ipo. Voi tayari uko chini ya mita 700, na injini inakimbia ikiwa na hewa nyingi kuliko ulivyoipangia, tena kwenye joto na mkono ukiwa wazi. Beba jeti kuu ya baharini. Kwenye VM jeti kuu hutolewa kupitia boliti kubwa ya chini ya bakuli bila kung'oa kabureta. Simama Mtito Andei, kunywa chai mpaka injini ipoe, funga bomba la tangi, weka chombo chini, ndipo ufungue. Rudisha klipu mfereji mmoja chini.