Kabla Hujapiga Kilemba Chako cha Kwanza

Wiki jana mpwa wangu alinipigia simu kutoka Kisumu. Karibu atafungwa kilemba chake cha kwanza mbele ya jamaa gurudwarani, nyumba yetu ya ibada, katika sherehe tunayoiita dastar bandi, na alikuwa na swali moja tu: "Mjomba, nichague mtindo gani?" Nilimwambia mtindo utafuata, tuanze na nywele. Niliyomweleza nayaandika hapa kwa vijana wengine wa Kisikh, na kwa majirani wanaotuita Makalasinga na ambao wameviona vilemba vyetu tangu enzi za kujenga reli.

Mwaka 1699, huko Anandpur, Punjab, Guru Gobind Singh, kiongozi wa dini yetu, aliunda Khalsa, jumuiya ya Masikh waliokula kiapo, na kuwapa wafuasi wake alama tano: nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, kaptula ya ndani na kirpan, yaani upanga mfupi. Kwa hesabu ya wengi wetu kilemba si mojawapo ya hizo tano. Kazi yake ni kuzistiri nywele. Lakini katika India ya wakati huo kilemba kilikuwa alama ya wakubwa. Guru aliposema wote wavae, wanaume wakaitwa Singh, yaani simba, na wanawake Kaur, mkulima na fundi viatu walipewa heshima iliyokuwa ya watawala. Ndiyo maana naumia kusikia kikiitwa kofia. Kofia unaitundika msumarini jioni na kesho unaichukua vilevile. Kilemba hufungwa upya, mkunjo kwa mkunjo, na wapo wanawake wetu wanaokifunga pia.

Sasa kufunga kwenyewe. Jipe nusu saa mwanzoni, wala usijifunze asubuhi ya shule. Chana nywele, piga fundo utosini, kisha funga kile kitambaa kidogo cha chini, fifti. Kilemba chenyewe ni melimeli au rubia, vitambaa vyepesi vya pamba, mita 5 hadi 6. Kinyunyizie maji kidogo, mwenzako ashike upande wa pili, mvutane, mkikunje kwa urefu. Hiyo ndiyo puni. Mimi nilishikiwa na mama, kaegemea mlango wa jikoni, na hakuwa akiachia mpaka kingo zilale sawasawa. Nilipohamia chumba cha kupanga Nairobi, ncha yake niliifunga kwenye kitasa cha mlango.

Ncha moja iume kwa meno, ndipo uanze kuzungusha, kila tabaka likipanda kidogo juu ya lililotangulia. Kwa dakika hizo huwezi kuzungumza na mtu. Mimi huzitumia kumtaja Mungu kimoyomoyo, na ningekushauri ufanye hivyo. Tabaka la mwisho lifungue lifunike utosi, achia meno, chomeka ncha, kisha sawazisha mikunjo kwa salai, ile sindano ndefu butu. Usikaze juu ya masikio. Mimi nilikaza mno mwaka mzima, na kila siku ikifika saa sita kichwa kilikuwa kinagonga.

Mitindo ni mingi. Watoto na wanamichezo huvaa patka, kitambaa kidogo kinachobana kichwa. Dumalla, ya mviringo na kimo kirefu, ni ya Wanihang, watu wa jadi ya vita. Patiala Shahi ina jina la ukoo wa kifalme wa Patiala, huko Punjab. Wanamdhari, dhehebu la Kisikh, hufunga cheupe kilichonyooka kwenye paji la uso. Na sisi Masikh wa Kenya tuna chetu. Kitambaa hutiwa wanga, mikunjo ikawa myembamba kama kurasa, na mbele pande mbili zikakutana kwa ncha kali. Familia zilizohama Afrika Mashariki zilikwenda na mtindo huo Uingereza, na huko hadi leo unaitwa mtindo wa Kenya. Kijana wa Kisumu, huo ni urithi wako. Ni nchi hii iliyomwita Joginder Singh, dereva Msikh aliyeshinda mbio za magari za Safari Rally 1965, 1974 na 1976, Simba wa Kenya.

Siku moja utaambiwa ukivue. Mimi niliambiwa mlangoni pa chumba cha mtihani, wenzangu wakitazama. Nilikaa kimya, nikavua, na aibu ile sijaisahau. Usifanye nilivyofanya. Sema kwa upole kwamba ni vazi la dini, kwamba uko tayari kukaguliwa, lakini iwe faraghani, na upewe kioo na muda wa kukifunga tena. Wengi huelewa wakielezwa.

Nanyi majirani, ulizeni tu, ila msikiguse kabla ya kuruhusiwa. Mkipita njia ya Mombasa, ingieni gurudwara ya Makindu iliyojengwa 1926. Mtavua viatu, mtafunika kichwa kwa kitambaa, na mtapewa chakula bure bila kuulizwa dini wala kabila. Kwa Waswahili wa zamani, mwanafunzi aliyehitimu ufundi alimpa fundi wake zawadi iliyoitwa kilemba, kwa hiyo heshima ya neno hili si ngeni kwenu.

Mpwa wangu ameuchagua mtindo wa Kenya. Nimemnunulia mita 6 za rubia, buluu iliyokolea, bado haijatiwa wanga. Jumamosi nitakuwa Kisumu kumshikia ncha ya pili.