Gia za Difu: Fedha Zinakokwenda

Barua nne kati ya zilizonifikia zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kubadilisha gia za difu, yaani zile za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, ili gari lililofungwa matairi makubwa lirudishiwe nguvu zake, na kwa nini kazi hiyo inagharimu fedha nyingi kiasi hicho.

Swali (Nyali): Salaam, mwalimu. Land Cruiser yangu ya zamani ina difu za 4.10. Nilitoa matairi ya 265/75R16 nikafunga ya 315/75R16, na sasa kilima cha Mazeras kinanishinda kwa gia niliyokuwa nikikipandia. Fundi anasema nibadilishe gia za difu. Je, ni lazima?

Jibu: Kabla ya kutoa shilingi, shika kalamu. Ukuta wa tairi lako la zamani ni asilimia 75 ya milimita 265. Uhesabu mara mbili, ongeza rimu ya inchi 16, na utapata kimo cha milimita 804 hivi. Jipya lina milimita 879. Tofauti ni asilimia 9, na kwa kiasi kama hicho ndivyo msukumo unaofika barabarani ulivyopungua. Zidisha 4.10 kwa 879, gawa kwa 804, na jibu litakuwa takriban 4.48, yaani resho (mara ambazo propela huzunguka ili gurudumu lizunguke mara moja) ambayo ingekurudisha ulikokuwa. Seti inayopatikana karibu na hapo ni ya 4.56, ambayo krauni yake, gia kubwa ya duara, ina meno 41, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, meno 9. Kwa gari linalobeba mizigo na kupanda bara mara kwa mara, ninaona fundi wako amesema kweli. Ungekuwa umefunga 285/75R16, tofauti isingefika asilimia 4, nami ningekushauri ukae na fedha zako.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau ni kwamba kipimamwendo chako, ikiwa kinachukua mwendo wake kwenye transfa (boksi la gia linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma), sasa kinakudanganya: kikionyesha 100, gari linakwenda 109. Ukishafunga 4.56 kitadanganya upande wa pili, lakini kwa kilomita mbili tu.

Swali (Changamwe): Mimi hutumia difu ya mbele labda mara mbili kwa mwaka, nikienda kuvua. Kwa nini nisibadilishe ya nyuma peke yake, nipunguze gharama nusu?

Jibu: Kwa sababu hizo mara mbili ndizo zitakazokuvunjia transfa. Ukiingiza foo-wili, yaani magurudumu yote manne yakivuta, transfa huzungusha propela (shafti ndefu iendayo kwenye difu) ya mbele na ya nyuma kwa mwendo mmoja; difu zikiwa na resho tofauti, magurudumu ya mbele yatataka kwenda kasi isiyolingana na ya nyuma. Kwenye mchanga tairi litateleza na kusamehe kidogo. Kwenye ardhi ngumu hakuna msamaha, na kitu dhaifu kuliko vingine ndicho kitakachokatika.

Basi bei unayotajiwa ni ya kazi mbili, ya mbele na ya nyuma, na inafaa uielewe kipande kwa kipande. Kwenye maduka ya Marekani, seti ya krauni na pinioni kwa magari mengi ya aina hii huuzwa kati ya dola 200 na 400 kwa kila ekseli, na vifaa vya kufungia, yaani beringi, sili, shimu (vipande vyembamba vya kurekebishia nafasi ya gia) na boliti mpya, huongeza dola 100 hadi 200. Ni vyuma vizito, kwa hiyo nauli si ndogo, na forodha haitazami bei ya duka peke yake: ushuru hukadiriwa juu ya bei, bima na nauli kwa pamoja, kisha VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya jumla hiyo ukiongeza na ushuru wenyewe. Kilichobaki ni ufundi, na hapo ndipo watu wengi hutaka kubana matumizi, na hapo ndipo nisipokubaliana nao.

Pinioni na krauni haziwekwi tu zikakazwa. Nafasi kati ya meno yake, kwa difu nyingi za magari haya, inatakiwa iwe karibu milimita 0.15 hadi 0.25, na hupimwa kwa geji ya mshale, si kwa kutikisa kwa mkono. Fundi niliyemwamini hupaka meno machache rangi ya njano, akaizungusha pinioni polepole huku msaidizi wake ameibania krauni kwa kipande cha mbao, kisha akainama na tochi kutazama mahali rangi ilipofutika. Alama ikiwa imekaa ukingoni mwa jino, anafungua kila kitu, anabadilisha shimu nyembamba kama karatasi, na kuanza tena. Nimemwona akirudia mara tano kabla ya adhuhuri. Mwingine, ambaye sitamtaja, alinirudishia beringi za zamani ili kunipunguzia gharama. Sikufika Mariakani kabla difu haijaanza kulia, na seti nzima ikaishia kwenye vyuma chakavu.

Ikiwa ulikuwa na nia ya kufunga difuloki, inayoyalazimisha magurudumu mawili ya ekseli kuzunguka pamoja, ifunge siku hiyohiyo, kwa maana ufunguzi na upimaji ni uleule, na hutalipa ufundi mara mbili.

Swali (Likoni): Je, naweza kununua difu nzima iliyotumika, iliyotoka Japani?

Jibu: Unaweza, na kwa Toyota nyingi hii ndiyo njia ya bei nafuu, kwa kuwa moyo wa difu ya nyuma hutolewa na kurudishwa ukiwa mzima, gia zikiwa zimekwisha kupangwa kiwandani. Hesabu meno kabla hujalipa, wala usitegemee maandishi ya chokaa. Tatizo ni kwamba resho za kiwandani mara nyingi haziendi juu kiasi unachokitaka, na ya mbele inayolingana nayo haipatikani kwa urahisi.

Swali (Mtwapa): Mimi ni mama mwenye Suzuki Jimny ya injini ya 1500, na nataka matairi ya 235/75R15. Ushauri wako?

Jibu: Dada, kwa Jimny kuna njia fupi: gia za transfa. Kubadilisha gia ndani ya transfa moja huzipunguzia kasi na kuziongezea nguvu ekseli zote mbili kwa pamoja, bila kugusa difu yoyote. Tofauti ya matairi yako na yale ya 195/80R15 ni asilimia 6, na injini ndogo huihisi mapema kuliko dizeli kubwa. Hata hivyo, endesha mwezi mmoja na matairi mapya kabla ya kuamua.

Ukiamua kubadilisha gia za difu badala yake, safari za kwanza ziwe fupi, difu ipoe kabisa baada ya kila moja, na usivute wala kubeba mzigo mzito kabla ya kilomita 800. Zikitimia, mwaga oili mbele ya fundi na mtazame pamoja nati ya kumwagia. Ute wa kijivu juu yake ni kawaida ya meno mapya. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, usimalizie salio lake hadi afungue difu tena.