Barua kwa mwanangu: mwenye mgahawa aliyekuwa wa nne duniani

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani sote hatujambo. Nimepata ujumbe wako baada ya matembezi yenu ya msitu wa Bremgarten, hapo Bern. Umeniuliza ilikuwaje Rudi Fischer, mtu mwenye shughuli zake za mgahawa, akamaliza wa nne katika ubingwa wa dunia wa mbio za magari za Formula One mwaka 1952, na kama ni kweli alibahatisha tu, anavyodai mwenzako wa kazini.

Bahati ilikuwepo. Alfa Romeo, waliokuwa watawala wa mchezo huo, walijitoa baada ya 1951, na ubingwa wa 1952 ukaendeshwa kwa kanuni za Formula Two, ngazi ya chini ya Formula One, injini za lita mbili. Dereva wa ridhaa mwenye fedha zake akaweza kununua Ferrari 500, aina ileile waliyopewa madereva wa kiwanda, yaani wa timu ya Ferrari yenyewe. Fischer akainunua, akashindana na timu ya Uswisi iliyoitwa Ecurie Espadon.

Tarehe 18 Mei wakakutana hapo hapo mlipotembea, kwenye njia ya mbio iliyopita katika msitu huo, kwa mbio za Grand Prix ya Uswisi. Alberto Ascari, dereva mkali kuliko wote mwaka huo, alikuwa Marekani kwa ajili ya mbio za Indianapolis. Giuseppe Farina aliongoza, gari likamfia. Akachukua la mwenzake, André Simon, nalo likafa. Piero Taruffi akashinda, Fischer akawa wa pili.

Lakini hebu ifikirie njia yenyewe. Zaidi ya kilomita saba kwa mzunguko mmoja, na mizunguko 62. Kona zinafuatana, miti imesogea hadi kando ya barabara, na penye mawe ya kupangwa palikuwa na utelezi mvua ikinyesha. Achille Varzi, bingwa mzoefu, alifia hapo mwaka 1948. Kulifikisha gari salama mwisho wa mbio kama zile ni ufundi, mwanangu, na mimi nauheshimu kuliko kasi ya mzunguko mmoja. Magari ya wakati ule yalimtaka dereva ayasikilize, ajue lini ayakamue na lini ayahurumie.

Na kama Bern ilikuwa bahati, mwenzako aeleze mbio za Nürburgring, Ujerumani, tarehe 3 Agosti. Safari hii Ascari alikuwepo, akashinda. Farina wa pili. Fischer wa tatu, na nyuma yake, katika nafasi ya nne, akaja Taruffi yuleyule aliyemshinda Bern, na gari la kiwanda.

Mwisho wa mwaka huo Fischer akaachana na mbio za ngazi hiyo. Ile njia ya Bern hukuiona kwa sababu ajali ya mbio za Le Mans, Ufaransa, ya 1955, iliyoua watu zaidi ya 80, iliifanya Uswisi ipige marufuku mbio za mzunguko.

Mpe mwenzako na hesabu hii. Nafasi ya pili ilikuwa pointi 6, ya tatu pointi 4. Fischer akapata 10. Mwingereza Mike Hawthorn naye alimaliza na 10, ila Fischer akawekwa juu yake kwa matokeo bora. Huyo Hawthorn ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1958.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako